Jiji Janja na Sera ya Nishati: Tunajifunza Nini kutoka Kigali?

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kutafuta istilahi ya Kiswahili ya jiji linaloendesha huduma zake kwa msaada wa kompyuta, mita na intaneti. Wengi walijibu "jiji janja", kwa mfano wa simu janja. Mwanafunzi mmoja akapinga: sokoni, mjanja ni yule anayekupunja huku akikuchekea. Darasa lilicheka, lakini hoja yake ilistahili jibu. Je, jiji linakuwa janja kwa faida ya nani? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuangalia nishati katika jiji la Kigali.

Kwanza tutofautishe dhana mbili. Ubunifu ni kupata njia mpya ya kufanya jambo. Sera ni uamuzi wa serikali kuhusu nani atapata nini, kwa bei gani na kwa masharti yapi. Tuchukue mfano wa umeme wa kulipia kabla. Mteja hununua umeme kwa simu, hupokea tarakimu 20, huziingiza kwenye mita na taa huwaka. Nchini Tanzania huduma hii huitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Rwanda wengi huiita Cashpower. Mita inajua kuhesabu tu. Haijui kama mwenye nyumba ni mjane anayewasha taa moja au ni tajiri mwenye majokofu matatu. Tangu mwaka 2017, kaya za Rwanda zinazotumia uniti chache kwa mwezi hutozwa bei nafuu kuliko nyingine. Nafuu hiyo imetokana na sera.

Mfano wa pili ni pikipiki za abiria. Kigali ni jiji la vilima lenye wakazi zaidi ya milioni 1.7, na wengi wao husafiri kwa pikipiki. Mwaka 2019 pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria huko. Ubunifu wenyewe ulikuwa katika betri: dereva hasubiri saa nzima ili ijae, bali huingia kituoni, huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuendelea na kazi baada ya dakika chache. Hata hivyo, pikipiki hizo zilikuwa chache. Mwezi Aprili 2021 serikali ilipitisha hatua za kuvutia usafiri wa umeme: vyombo hivyo, betri na vipuri vyake vilipunguziwa kodi, na vituo vya kuchajia vikapewa bei ya umeme inayotozwa viwanda vikubwa, pamoja na nafuu katika saa ambazo matumizi ni madogo. Hatimaye, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kwa kubeba abiria jijini Kigali. Zilizokuwapo ziliruhusiwa kuendelea.

Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa dereva aliyenunua pikipiki kwa mkopo ndilo lenye uzito kuliko yote. Kama pikipiki za zamani zingeondolewa kwa siku moja, hewa ingekuwa safi zaidi, naye angebaki na deni bila chombo cha kulilipia.

Aidha, tukumbuke kwamba betri haitengenezi umeme, huuhifadhi tu. Mwaka 2009 kaya zenye umeme nchini Rwanda hazikufika moja katika kumi, ilhali kufikia mwaka 2024 zilizidi saba katika kumi, zikiwemo zinazotumia sola za nyumbani. Umeme huo hutoka katika vyanzo vingi: maporomoko ya maji, kituo cha jua cha Rwamagana cha megawati 8.5 kilichoanza mwaka 2014, na gesi ya methani inayovutwa kutoka kilindi cha Ziwa Kivu. Lakini upo pia unaotokana na dizeli, na ule wa nyiramugengeri, yaani udongo wa mabwawani unaokaushwa na kuchomwa. Pikipiki isiyotoa moshi mjini inaweza kuwa imehamishia moshi huo kwingine. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mwenye kituo cha betri. Ni la sera ya nishati ya taifa zima.

Haya yanatuhusu vipi walimu wa Kiswahili? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na wanafunzi wetu ndio watakaotafsiri kanuni, bei na matangazo ya aina hii. Anayetafsiri "saa za matumizi madogo" kwa istilahi isiyoeleweka amemnyima dereva nafuu aliyopewa na sheria.

Kuhusu istilahi yenyewe, tunapendekeza "jiji janja" liendelee kutumika. Upatanisho wake ni mwepesi (jiji janja, majiji majanja, mji mjanja, miji mijanja), na ile maana ya sokoni iliyomo ndani yake itatukumbusha kuuliza ujanja huo unamfaa nani. Wapo wenzetu wanaopendelea "jiji mahiri". Tunawaomba walimu na wanafunzi watuletee hoja zao, pamoja na mifano ya maneno ya umeme na nishati yanayotumika mitaani kwao, ili tuyajadili katika toleo lijalo.