Umelipa Dola 200, Deni Limepanda

Neno "salio" limetuzoesha vibaya. Kwenye simu, salio ni lako: muda wa maongezi uliobaki au pesa iliyomo M-Pesa, na likiwa kubwa unalala usingizi. Mswahili akihamia Marekani akapewa kadi ya mkopo, hukutana na neno hilohilo limehama upande. Salio la kadi ni la benki, ndilo unalodaiwa. Pembeni yake huandikwa kiasi unachoweza bado kukopa, nacho si pesa yako pia, ingawa nimeona watu wazima wenye shahada zao wakikipangia matumizi kama mshahara.

Kibaya zaidi, salio lenyewe si moja. Kuna salio la taarifa ya mwezi, yaani deni lilivyokuwa siku benki ilipofunga hesabu, na hilo halibadiliki hata ukilipa kesho yake. Kuna salio la leo, linalopanda na kushuka kila unapolipa au kununua. Halafu kuna miamala inayosubiri, ambayo duka limeiombea kibali lakini haijaingizwa kwenye hesabu. Ukijaza mafuta kwa kadi, kituo kinaweza kuzuia kiasi kikubwa kuliko mafuta uliyoweka, kisha kikarekebisha baadaye. Mkahawani bei inayosubiri huwa haina bahashishi uliyoandika kwa mkono. Kwa hiyo anayefungua simu asubuhi, akaona dola 2,950, akasema hilo ndilo deni langu, anaweza kukosea kwa dola 50 bila mtu yeyote kumdanganya.

Tuje kwenye hesabu. Tuchukue ndugu yetu wa mfano aliyeko Houston. Anadaiwa dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, na ameamua kulipa dola 200 kila mwezi. Benki haingoji mwaka uishe. Inagawa 24 kwa siku 365, na inapata takriban asilimia 0.0658 kwa siku. Kwa deni la dola 3,000 hiyo ni dola 1.97 kila jua linapochomoza, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Mwezi wake wa hesabu una siku 30. Siku 10 za kwanza deni ni 3,000. Siku ya 11 analipa 200, linabaki 2,800. Siku ya 16 anaishiwa kidogo, ananunua vyakula na viatu vya mtoto kwa kadi ileile, dola 150, na deni linakuwa 2,950 hadi mwisho wa mwezi. Benki inajumlisha deni la kila siku: siku 10 za 3,000, siku 5 za 2,800, siku 15 za 2,950. Jumla ni 88,250. Zidisha kwa riba ya siku moja, unapata dola 58.03. Salio jipya: 2,950 na 58.03, yaani 3,008.03.

Amelipa dola 200, na anadaiwa zaidi ya alipoanza. (Benki nyingi huongeza riba ya kila siku juu ya deni, nayo riba ikazaa riba, lakini kwa mwezi mmoja tofauti ni senti tu, kwa hiyo nimeiacha.)

Hapa ndipo watu hukasirika na kusema benki imewaibia. Haikuiba. Lakini ndugu yetu hakujua jambo moja ambalo lilipaswa kuandikwa kwa wino mwekundu. Anayelipa taarifa yake yote kila mwezi hupewa muda usio na riba kwa manunuzi mapya. Ananunua leo, analipa wiki kadhaa baadaye, harudishi hata senti ya ziada. Anayebeba deni kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine kwa kawaida huupoteza muda huo. Viatu vya mtoto vilianza kutozwa riba siku ileile ya 16.

Angevinunua kwa pesa taslimu, riba ingekuwa dola 56.55 na salio lingeshuka hadi 2,856.55. Zile 200 zingepunguza deni kwa 143.45. Si nyingi, lakini ni kushuka.

Wako wanaoshauri ulipe mapema kabisa ndani ya mwezi. Ni kweli, ila tupime uzito wake: angelipa siku ya kwanza badala ya siku ya 11, angeokoa dola 1.30 hivi. Ushauri huo ni chumvi ya mezani. Chakula chenyewe ni kuacha kuitumia kadi unayoilipa. Akifanya hivyo na kushikilia dola 200 kila mwezi, anamaliza kwa takriban miezi 18, na riba yote haipiti sana dola 600.

Akifuata malipo ya chini yanayoandikwa kwenye taarifa, hadithi ni nyingine. Tuseme benki inadai riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni, jumla isiyopungua dola 35. Mwezi wa kwanza ni kama dola 90, nafuu tamu. Lakini kiasi hicho hupungua pamoja na deni, na safari inachukua zaidi ya miaka 12, riba ikizidi dola 4,000. Wakenya waliozoea Fuliza, mkopo wa M-Pesa, tangu 2019 wanajua deni linalojilipa lenyewe: pesa ikiingia M-Pesa, Fuliza inachukua chake kwanza. Kadi haina haraka hiyo. Inakuachia uamuzi, na kukuachia huko ndiko kunakoilipa.

Sheria ya Marekani ya 2009 kuhusu kadi za mkopo iliwalazimisha wakopeshaji waonyeshe kwenye taarifa muda utakaotumia ukilipa malipo ya chini tu, na kiasi cha kulipa ili umalize kwa miezi 36. Kisanduku hicho kidogo ndicho sehemu ya maana kuliko zote katika karatasi ile, nacho ndicho watu hukiruka.

Kuna onyo kwa wanaotuma pesa nyumbani. Ukimtumia mama pesa kupitia programu ya simu na kuilipia kwa kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuuhesabu muamala huo kama kuchukua pesa taslimu. Hapo unatozwa ada, mara nyingi riba yake iko juu zaidi, nayo huanza siku hiyohiyo hata kama hukuwa na deni lolote. Tumia kadi ya benki inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Na mwisho wa deni una mtego wake. Tuseme riba ni ileile, na taarifa inasema dola 1,000. Siku 20 baada ya hesabu kufungwa unalipa zote 1,000, unashusha pumzi. Mwezi unaofuata inakuja dola 13.15. Ni riba ya zile siku 20 deni lilipokuwa bado limekaa, ambayo taarifa ya awali isingeweza kuijua. Wengi huidharau au hawaifungui bahasha, kisha wanatozwa faini ya kuchelewesha dola hizo 13.

Kabla ya malipo ya mwisho, piga namba iliyo nyuma ya kadi, taja tarehe utakayolipa, uulize kiasi cha kufunga deni siku hiyo. Kisha usiache kufungua taarifa mbili zinazofuata, hadi usome sifuri kwa macho yako.