Mtoto Akipata Degedege, Damu Nayo Ipimwe

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakiamini kuwa degedege huletwa na shetani, si malaria. Leo wazazi wengi wanajua kwamba homa ndiyo huliamsha, hasa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Lakini homa huwapata watoto wote, na degedege huwashika wachache tu. Urithi unaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Naamini upungufu wa madini ya chuma unaeleza sehemu nyingine, na hatuuchunguzi inavyostahili. Chuma si cha kutengeneza wekundu wa damu peke yake: ubongo nao unakihitaji ili upate nguvu, na ili utengeneze kemikali zinazochochea neva na zile zinazozituliza. Kikipungua, yamkini ubongo mchanga hushindwa kuhimili joto ambalo mwenzake angelivumilia. Huko Napoli, Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta upungufu wa damu wa aina hii kwa takriban asilimia 30 ya watoto wenye degedege la homa. Kwa watoto wa kulinganishwa nao haukufika nusu ya hapo.

Kuna pingamizi, tena nzito. Utafiti wa Kilifi, Kenya, wa mwaka 2010 haukuona tofauti ya wazi kati ya watoto wenye degedege na wenzao; uhusiano ulijitokeza matokeo yalipounganishwa na ya tafiti nyingine. Vipimo navyo hudanganya, kwa kuwa feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mtoto anapokuwa na homa, na upungufu ukajificha. Isitoshe, nyumba yenye malaria mara nyingi ndiyo yenye uji mtupu, kwa hiyo mambo mawili huandamana bila moja kulizaa jingine. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo, mtoto mwenye damu pungufu anastahili tiba hata kama degedege lake lilitoka kwingine, maana upungufu huo hudumaza pia akili yake. Ninachokataa ni kumpa dawa za chuma kwa kubahatisha: jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa, penye malaria nyingi, kuwagawia watoto wote chuma pamoja na asidi ya foliki kuliongeza maradhi makali na vifo, ingawa waliopungukiwa chuma walielekea kunufaika. Basi malaria na homa ya uti wa mgongo zikishachunguzwa, kabla ya kuondoka hospitalini mzazi aulize: damu ya mwanangu ni ngapi?