Ligacha za klarineti: usitazame mng'aro, tazama skrubu

MFANYABIASHARA anayeagiza vipuri vya klarineti hushawishika kuchukua ligacha inayong'aa zaidi. Ligacha ni kibano kinachoshikilia ulimi wa tete kwenye kinywa cha ala hiyo, na mng'aro wake hausemi lolote kuhusu uimara.

Nyingi zilizopo sokoni ni za shaba ya manjano iliyopakwa nikeli au fedha, zenye skrubu mbili. Bamba lenyewe hudumu miaka mingi. Kinachoharibika kwanza ni meno ya skrubu, kwani mpigaji huikaza na kuilegeza kila siku; halafu lehemu ya vijibomba vinavyopokea skrubu hizo. Meno yakilika, ulimi huteleza na sauti huharibika katikati ya wimbo.

Ligacha za kitambaa kigumu, kama za Rovner ya Marekani, hazipindi zikianguka, ila nazo zina skrubu. Za ngozi hukauka na kuvutika. Rahisi kuliko zote ni uzi: wako wapigaji wa Ujerumani ambao hadi leo hufunga ulimi kwa uzi, bila skrubu ya kuwasumbua.

Kabla ya kulipa, kaza na kulegeza skrubu kwa vidole mara kadhaa. Ikikwama au kuchezacheza, irudishe. Uliza pia kama skrubu huuzwa peke yake. Kama haziuzwi, skrubu moja ikifa mteja atatupa ligacha nzima, na lawama zitarudi dukani kwako.