Barua Kutoka Bweni



Barua ya shule ilinikuta kiwandani Bujumbura mwezi wa Oktoba, siku ya Jumatano. Mkuu wa shule alitaka mzazi afike Gitega kabla ya Ijumaa kwa jambo la mtoto. Nikampelekea msimamizi wa zamu. Akaisoma mara mbili, akauliza, "Mtoto anaumwa nini?" Nikamjibu kwamba barua haikusema. "Basi haumwi," akasema, akanirudishia.

Ruhusa sikuipata. Nilikwenda Jumapili kwa nauli ya kukopa, nikamkuta kijana wangu amekaa ukingoni mwa kitanda bwenini, madaftari yamefungwa, uso umekonda. Karibu wiki mbili alikuwa hali chakula cha kutosha wala hapati usingizi. Kichwa kilimuuma kila asubuhi. Zahanati ilimpima malaria, haikuona kitu, ikampa vidonge vya maumivu. Wenzake walikwisha kusema amerogwa. Mimi, kusema kweli, nilidhani ni uvivu, na maneno niliyomwambia saa ya kwanza nayajutia mpaka leo.

Wengi wetu tuna watoto mabwenini. Mtoto akimaliza darasa la tisa na kufaulu mtihani wa taifa, serikali ndiyo humpangia shule, na anaweza kupelekwa mbali na kwao. Sisi huona kazi yetu imekwisha tukipata karo, godoro na sabuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, kama vile huzuni isiyokwisha au hofu kubwa. Katika darasa la wanafunzi 50 hao ni kama watoto 7. Fundi akisikia mashine inatoa mlio usio wake, huizima na kuifungua. Mtoto tunamwambia ajikaze.

Na sisi wazazi tuna yetu tuliyoyafungia. Basi la kwenda Gitega hupita Kibimba. Hapo, baada ya kuuawa Rais Ndadaye mwaka 1993, wanafunzi wa shule ya Kibimba walichomwa moto, na kando ya barabara pamejengwa ukumbusho wao. Mwaka 1972 pia wanafunzi wengi walichukuliwa shuleni wasirudi tena. Mwaka 1993 nilikuwa na umri wa miaka 13, nami nilikuwa mwanafunzi. Kila basi lipitapo Kibimba hugeuza uso upande wa pili. Siku moja mtoto aliniuliza mahali pale ni pa nini. Nikamwambia anyamaze, watu wanasikia. Alinyamaza kweli. Sisemi hilo ndilo lililomwuguza. Nasema alijifunza kwangu kwamba jambo zito halisemwi.

Katika semina ya vyama vya wafanyakazi nilikaa na mwalimu mmoja wa Muyinga, nikamweleza habari hizi. Yeye akanieleza ya kwao. Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, inapakana na Tanzania. Baada ya machafuko ya 2015 Warundi zaidi ya 300,000 walikimbia nchi, wengi wakaingia kambi za Nduta, Nyarugusu na Mtendeli, na tangu 2017 wengi wamerudishwa. Huko huko Muyinga, Gasorwe, iko kambi ya Kinama iliyopokea wakimbizi wa Kongo. Basi darasani kwake, akasema, huyu amekulia kambini, yule baba yake alibaki akilinda shamba la kahawa, na mwingine amerudi akakuta shamba lina mtu. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akificha chakula ndani ya sanduku la vitabu mpaka kinaota ukungu. Perefe wa nidhamu alitaka kumfukuza kwa uchafu. Aliyemwokoa ni shangazi wa shule.

Huenda wengine hamlijui jina hili. Katika shule nyingi nchini wapo walimu waliochaguliwa kuwa "shangazi wa shule" na "baba wa shule". Waliwekwa hasa kwa ajili ya kuzuia mimba za wanafunzi, kwa kuwa kwa desturi yetu shangazi ndiye msichana humwambia asiyoweza kumwambia mama yake. Lakini mtoto akipata mtu wa kumsikiliza hachagui la kusema. Anasema njaa, anasema kipigo cha nyumbani, anasema hataki kuishi. Na walimu hawa wanasikiliza huku wana vipindi vyao vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha.

Kijana wangu naye alikuwa amemwambia baba wa shule; ndiyo sababu ya ile barua. Mwalimu yule alitupeleka kwenye tawi la Gitega la hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, iliyofunguliwa Bujumbura mwaka 1981 na mabruda wa Kikatoliki. Liko tawi jingine Ngozi, na mtu wa Muyinga lazima asafiri mpaka huko. Mwuguzi alimwuliza mtoto mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amewahi kufikiri kujiua. Nilitaka kumzuia. Nilidhani anampa wazo. Baadaye akanieleza kwamba swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hana, bali humpa anayelibeba nafasi ya kulitua. Kijana akajibu ndiyo.

Alikuwa amefikiri hivyo Alhamisi, siku ambayo mimi nilikuwa kwenye mashine.

Ndugu wafanyakazi, mikataba niliyoisoma inataja ruhusa ya msiba na ya harusi. Mzazi aliyeitwa shuleni hatajwi popote. Akienda, ujira wa siku unakatwa. Akirudi amechelewa, anaandikiwa barua ya onyo. Mama wa shamba la chai anayelipwa kwa kilo alizochuma, siku asiyochuma hana kitu. Mkataba wa pamoja ukifika mezani tena, wajumbe wetu waweke kifungu hiki: mfanyakazi mwenye barua ya shule au ya hospitali kuhusu mtoto wake apewe siku mbili bila kukatwa. Msimamizi asipewe kazi ya kupima kama mtoto anaumwa au haumwi.

Kijana alipewa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Mwaka ule alirudia darasa, na alilia sana kwa hilo. Sasa kila Jumapili saa moja jioni napiga simu ya baba wa shule, naye humwita. Mwezi uliopita aliniuliza tena habari za Kibimba. Nikamwambia ninayoyakumbuka, mpaka vocha ikaisha. Jumapili iliyofuata tuliongea habari za mpira tu.