Fahamu: Wajibu wa mwenye nyumba anapotumia wakala Kenya

Wakala hutafuta wapangaji, hukusanya kodi ya nyumba na kupokea malalamiko. Hata hivyo, mwenye nyumba ndiye mhusika mkuu katika mkataba. Mengi anayoyafanya wakala ndani ya mamlaka aliyopewa humfunga aliyemtuma.

Nani anaruhusiwa kuwa wakala?

Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka wakala awe amesajiliwa na bodi inayosimamia taaluma hiyo. Mwenye nyumba athibitishe usajili kabla ya kukabidhi funguo.

Nani anafanya ukarabati?

Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye nyumba amwachie mpangaji atumie nyumba bila kusumbuliwa. Iwapo amekodisha sehemu tu ya jengo, ni lazima atunze paa, kuta kuu, mitaro mikuu na maeneo ya pamoja. Wakala anaweza kumwita fundi, lakini wajibu haumhamii.

Ushuru je?

Tangu Januari 2024, mapato ya nyumba za makazi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5. Ushuru huo hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) inaweza kumteua wakala aukate na kuuwasilisha.

Yaandikwe nini?

Mkataba na wakala utaje malipo yake, kiwango cha ukarabati anachoweza kuidhinisha, siku ya kuwasilisha kodi na anayeshika dipoziti.