Moshi Hauishii Mapafuni

Kwa muda mrefu tumezoea kuambiwa kuwa moshi ni adui wa macho na mapafu. Hayo ni kweli, lakini si yote. Mwaka 2016 wataalamu walioongozwa na Profesa Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza vipande vya ubongo wa marehemu 37 waliokuwa wakaazi wa Mexico City na Manchester. Humo walikuta chembe ndogo mno za madini ya chuma, za mviringo, mfano wa zile zitokazo kwenye moto mkali wa injini na viwanda.

Udogo wa chembe hizo huziwezesha kupita puani na kufuata mishipa ya fahamu ya kunusia hadi kwenye ubongo. Inahofiwa kuwa zifikapo huko huleta uvimbe na kuzidhuru seli, ambazo zikishakufa aghalabu hazina badala. Haijathibitika kuwa chembe hizo peke yake ndizo ziletazo maradhi. Hata hivyo, mwaka 2020 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet iliuhesabu uchafu wa hewa miongoni mwa mambo 12 yaongezayo hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na ambayo mwanadamu aweza kuyapunguza.

Pengine atatokea mtu aseme kuwa sisi wa visiwani tunalindwa na pepo za Kusi na Kaskazi. Tunamkumbusha kuwa pepo hizo haziingii katika jiko lisilo na dirisha, ambamo mama, na mwanawe mgongoni, hushinda akipuliza kuni na makumbi. Wala haziwafai wakaazi wa mtaa ambamo jaa hutiwa moto kila magharibi.

Hatusemi haya kuwatisha wananchi. Mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, yetu ikiwemo, zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi, sumu ijulikanayo kudhuru ubongo wa mtoto. Lililowezekana wakati ule halishindikani leo. Tunawaomba wahusika wa afya na mazingira waipime hewa ya mitaani na majikoni, wawatangazie wananchi matokeo, wakomeshe uchomaji wa majaa, na watafute njia ya kuwapunguzia wanyonge gharama za gesi na umeme wa kupikia. Nasi wananchi tutoboe madirisha katika majiko yetu. Akili ya mtoto ndiyo akiba ya taifa. Tusikubali ipotee pamoja na moshi.