Skana ya Rangi kwa Picha za Ukoo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Katika komuni ya Vulamba na kwingineko mjini Butembo, kumbukumbu za ukoo bado zimo kwenye picha za karatasi: ubatizo, arusi za enzi za Zaire, kipaimara kilichotolewa na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo Katoliki la huko hadi 1997. Upande wa Beni, mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamewahamisha watu wengi makwao, na anayekimbia usiku habebi albamu. Picha zilizosalia zinastahili kuokolewa vizuri. Kwa mwenye kuandaa kitabu cha familia au cha jubilei ya parokia kwenye kompyuta ya nyumbani, awe Butembo au Brussels, kazi inaanzia kwenye skana.

Kupanga kurasa si tatizo tena. Tangu 1985, programu ya PageMaker na printa ya LaserWriter zilipowawezesha watu wa kawaida kuandaa kurasa bila mitambo mikubwa, zana zimeshuka bei. Leo Scribus inapatikana bure. Lakini hakuna programu inayoweza kurudisha sura ambayo skana haikuisoma.

Skana za mezani ni za aina mbili. Za CIS zina kitambuzi kilicho karibu kabisa na kioo na taa ndogo za LED. Ni nyembamba na hutumia umeme kidogo: Canon LiDE 300 hujiendesha kwa waya wa USB peke yake. Kwa Butembo, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta na sola, hilo ni jambo kubwa, kwani kompyuta ya mkononi yenye chaji inatosha. Udhaifu wake ni kwamba picha iliyojikunja, au ukurasa usiogusa kioo, hutoka na ukungu.

Za CCD hutumia vioo na lenzi. Huona vizuri hata kitu kilichoinuka kidogo, na baadhi yake, kama Epson Perfection V600, zina taa kwenye kifuniko kwa ajili ya negativu na slaidi. Ni nzito na zinahitaji umeme wa ukutani.

Namba kubwa kwenye boksi isimtishe mnunuzi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakayochapishwa kwa ukubwa uleule inahitaji nukta 300 kwa inchi. Ikikuzwa mara mbili, 600. Negativu ndiyo yenye njaa: fremu ya milimita 24 kwa 36 inahitaji nukta 2,500 hivi ili itoe picha ya sentimita 20 kwa 30. Namba inayohesabika ni ile ya lenzi na kitambuzi. Ile inayoongezwa na programu hubuni nukta tu, haileti habari mpya.

Muhimu zaidi ni uwezo wa kusoma giza. Uso mweusi kivulini na suti nyeusi ya bwana arusi vinaweza kugeuka doa moja kwenye skana dhaifu. Watengenezaji hutaja uwezo huo kama Dmax: V600 imeandikiwa 3.4, V850 Pro, ya Epson pia, 4.0. Picha ikiwa imefifia na kuwa nyekundu, isomwe kwa biti 48, ili kuwe na nafasi ya kurekebisha rangi bila kuiharibu. Picha ya 10 kwa 15 kwa nukta 600 itakuwa na MB 50 hivi. Kwa biti 24, nusu yake. Kuibadilisha kuwa CMYK, rangi za wino wa kiwandani, kusubiri hadi mchapishaji aseme anatumia karatasi na mfumo gani.

Ndugu wa Marekani au Kanada wanaotuma mashine nyumbani waisome adapta kwanza: huko umeme ni volti 120, Kongo ni 220. Inayosema 100–240 ni salama. Kama skana ina kufuli ya kusafirishia, ifungwe kabla haijaanza safari ya Mombasa na Kasindi.

Kwa gazeti la parokia na picha zilizonyooka, ya CIS inatosha. Familia zenye negativu zinaweza kuchanga pamoja kwa CCD moja. Faili asili ihifadhiwe kama TIFF, nakala moja Butembo na nyingine ughaibuni, na majina ya waliomo yaandikwe sasa, wazee wakiwa bado wapo wa kuyataja.